Bata Asiyeiva

Jumanne, 17 Novemba

Dhoruba ya Ufagio imeingia leo, imechelewa siku moja. Hapa Iskandaria kila dhoruba ya baridi ina jina na tarehe yake, na isipofika kwa wakati watu wananung'unika. Nami nimenunua daftari hili siku hiyohiyo ili kazi ya gari iandikwe toka mwanzo, mtu asije akasema baadaye kwamba nilibahatisha.

Kazi yenyewe ni hii. Gari la marehemu baba, la mwaka 1948, limelala gerejini chini ya nyumba yetu miaka kumi na tisa. Mama yangu alikwenda kanisani kuolewa ndani ya gari hilo. Dada zangu wawili wakafuata, halafu Marsel mke wangu. Irini, binti yangu wa pekee, nilimwahidi alipokuwa na miaka sita. Harusi yake ni Jumapili tarehe 31 Januari, na wiki moja baadaye inaanza Kwaresima, ambapo hakuna padri atakayefungisha ndoa.

Mama wa bwana harusi, Madam Ivon, hataki hata kulisikia gari hilo. Anataka jeupe la kukodi. Tumekubaliana mbele ya padri: likitembea kimya kufikia Alhamisi tarehe 28 Januari, Irini atalipanda. Likipiga kelele, basi ni jeupe.

Leo nimefungua difu, sanduku la gia la ekseli ya nyuma, na kutoa pinioni, ile gia ndogo yenye shina refu inayopokea nguvu ya injini. Beringi zake mbili, kubwa na ndogo, zimekwisha kabisa. Nimesafisha kila kitu kwa mafuta ya taa. Chini ya karai kikabaki kiduara chembamba cha chuma ambacho sikujua kimetoka wapi. Nimekiingiza chini ya mguu wa friji yetu, ambayo imekuwa ikitikisika tangu kiangazi. Imetulia. Marsel amefurahi kuliko ambavyo angefurahi kama gari lingewaka.

Jumatano, 25 Novemba

Mfungo wa Krismasi umeanza; sisi Wakopti hatuli nyama mpaka sikukuu, tarehe 7 Januari. Maharage.

Alhamisi, 26 Novemba

Maharage. Nimezunguka maduka yote ya vyuma vya zamani ya mtaa wa Attarin, beringi hakuna. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama nimejaribu makumbusho. Kijana hana adabu.

Ijumaa, 4 Desemba

Dhoruba ya Kasim. Maji yamefika hadi mlangoni mwa gereji.

Madam Ivon alikuja kunywa chai na mwanawe Fadi, mchumba wa Irini. Fadi ni kijana mzuri, anacheka hata pasipo na la kuchekesha. Mama yake ni jenerali. Alikaa na glavu zake za kijivu mkononi, akanywa chai na glavu, akala biskuti na glavu. Mikono ile sidhani kama imewahi kugusa hata sufuria. Aliniuliza beringi nitazivalishaje. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema, "Sawa, Bwana Nashed," kwa namna ambayo nimeikumbuka jioni nzima.

Nimekagua tiketi kwenye tramu miaka thelathini na nne. Mtu akipanda tu, kabla hajakaa, nimeshamjua. Huyu mama nimemjua.

Jumamosi, 12 Desemba

Nina kitabu cha gari, cha baba. Kinasema beringi kubwa haipigwi nyundo. Beringi inapashwa moto kwenye mafuta ili ipanuke, pinioni inatiwa kwenye baridi kali ili isinyae, kisha unaivalisha upesi kama kofia. Baada ya hapo kurasa nne hazipo. Panya.

Friza yetu mfungo huu ni tupu, ina mlenda tu na samaki wawili. Nimemwomba Marsel niiweke pinioni humo, ikae tayari, ili beringi ikipatikana tu nianze kazi.

"Miaka thelathini nimekaa nawe, Baba Irini," akasema. "Iweke. Lakini uifunge vizuri, isiguse samaki wangu."

Nimeifunga kwa karatasi ya foili tabaka tatu. Imependeza.

Jumapili, 20 Desemba

Dhoruba ya Furiko Dogo. Rafiki yangu Wasfi, tuliyefanya naye kazi kwenye tramu, amepata beringi zote mbili huko Port Said, kwa mzee anayefuga njiwa. Ataniletea.

Jumatano, 23 Desemba

Wasfi hajaja. Maharage.

Jumamosi, 2 Januari

Dhoruba ya Mwaka Mpya, imefika kwa saa yake. Barabara ya Port Said imefungwa. Irini ameniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia nina uhakika. Halafu nimeshuka gerejini nikakaa ndani ya gari peke yangu, nikiwa sina uhakika hata kidogo.

Jumanne, 5 Januari

Wasfi amefika na beringi, zimefungwa ndani ya soksi. Nilitaka kuanza papo hapo, lakini Marsel amenifukuza jikoni. Keshokutwa ni sikukuu, friza imejaa bata na nyama, na kila jiko lina sufuria. Ameniambia nikigusa kitu chochote kabla ya Ijumaa atalala kwa dada yake.

Jumatano, 6 Januari

Fadi ameleta trei ya biskuti za sikukuu kutoka kwa mama yake. Trei hairudi tupu, hilo linajulikana. Marsel, mikono imejaa unga, akapaza sauti kutoka jikoni nimpe Fadi bata mmoja wa kwenye friza, aliyefungwa foili. Nilikuwa katikati ya mechi. Nikafungua friza, nikachukua wa juu, nikamkabidhi. Nikamwambia, "Mwambie mama yako bata huyu tumemlisha wenyewe. Ona uzito wake."

Fadi akasema kweli ni mzito.

Alhamisi, 7 Januari

Sikukuu. Tumekula mpaka tukashindwa kuzungumza. Saa nane mchana simu ikalia, nikapokea mwenyewe. Ilikuwa Madam Ivon. Hakunitakia sikukuu njema.

"Bwana Nashed," akasema, "bata wako nimemchemsha saa nzima na majani ya kunukia. Haivi."

Nikaenda kwenye friza. Nikahesabu bata. Wote walikuwapo.

Siwezi kuandika zaidi leo. Marsel anacheka tangu saa nane. Irini alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Wageni kumi na wawili walikuwa mezani kwa yule mama wakingoja bata. Hakika uchumba umekwisha, na aliyeuua ni mimi, kwa mikono yangu, nikitazama mpira.

Ijumaa, 8 Januari

Amekuja. Nilikuwa nimevaa suti na hotuba ya kuomba radhi nimeiweka kichwani. Madam Ivon akaingia, glavu mkononi, akaiweka trei mezani, juu yake pinioni iliyong'aa kuliko siku niliyoisafisha. Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Bwana Nashed, na washa yake iko wapi?"

Nikamuuliza washa gani. Akaelekeza kidole nyuma ya kichwa cha gia, pale beringi kubwa inapoegemea. Akasema ni washa nyembamba, pete ya chuma, ndiyo inayoamua gia isogee mbele au ibaki nyuma. "Angalia alama yake. Imekaa hapo miaka sitini, imeacha duara."

Mbele ya mke wangu na binti yangu! Nikamjibu kwa upole wote wa mkaguzi kwamba pinioni hii haina washa.

"Inayo."

"Madam, mimi nina kitabu."

"Basi kisome," akasema, akaanza kuongea na Marsel habari za gauni.

Bila shaka amefundishwa maneno mawili matatu na yule mwenye magari meupe ili anitie wasiwasi. Kurasa za panya sikuzitaja.

Jumapili, 10 Januari

Siku kubwa. Pinioni imelala kwenye friza tangu juzi. Beringi nimeipasha kwenye sufuria ya kukaangia bajia, mafuta mapya. Marsel alishika saa, Irini alishika taulo. Nikaitoa pinioni ikiwa na ukungu mweupe, nikaisimamisha kwenye kigoda, nikaibeba beringi kwa koleo mbili. Ikateremka yenyewe hadi chini, ikagonga kichwa cha gia mara moja, tak. Marsel akapiga vigelegele, majirani wakafungua madirisha kuuliza nani ameolewa.

Nimefurahi kupita kiasi, sioni aibu kuandika. Washa! Mchana tukala bajia zilizokaangwa kwa mafuta yaleyale, zikawa na ladha ya reli.

Jumanne, 12 Januari

Furiko Kubwa limeingia. Difu imerudi mahali pake.

Jumatano, 13 Januari

Nimeliwasha. Limewaka. Limetoka gerejini kwa miguu yake, nami nikasema moyoni, baba, unaona? Kufika kona likaanza kulia. Si mlio, ni kilio, kama mtu anayesukuma kabati juu ya sakafu ya marumaru, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo lilivyolia zaidi. Mbwa wa mtaa mzima wakanifuata. Mvua ikipiga, mimi ndani, mbwa nyuma. Mwenye duka la mkate akaondoa kofia, nadhani alidhani ni mazishi.

Irini alikuwa amesimama mlangoni. Akaja chini ya mvua, akanishika bega.

"Baba, hilo jeupe nitalipanda tu. Si kitu. Usijichoshe."

Angenilaumu ningestahimili.

Jumamosi, 16 Januari

Nimeshusha difu tena. Nimeing'oa beringi kubwa ili nione kosa liko wapi. Imetoka vipande vipande. Ilikuwa moja tu.

Nilipofuta kichwa cha gia nikaiona ile alama. Duara safi, kama alama ya gilasi juu ya meza. Ilikuwa pale siku zote.

Jumapili, 17 Januari

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Madam Ivon, peke yangu. Nimemwambia yote: kurasa za panya, kilio, mbwa, beringi iliyovunjika. Nikamwambia ameshinda, akodi gari jeupe.

Akavua glavu. Sikuwahi kuona mikono yake. Wa kushoto una kovu la moto kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na kucha mbili hazikuota sawa.

"Mafuta ya beringi," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Baba yake alikuwa na karakana ya ekseli, na mtoto alikuwa ni yeye tu. Alifanya kazi pale mpaka alipoolewa. Siku ya uchumba mama mkwe wake akamnunulia glavu na kumwomba habari za karakana ziishe. Zikaisha. Hata Fadi hajui. Na gari letu alilikataa kwa sababu moja tu.

"Nimevuta kwa kamba magari ya maharusi watatu yaliyokwama njiani, Bwana Nashed. Mmoja alishuka akaenda kanisani kwa miguu, matope hadi magotini. Mpaka leo namwona. Sikutaka Irini awe wa nne."

Nilikaa pale kama mtu aliyepanda tramu bila tiketi. Miaka thelathini na nne nasoma watu, na huyu nilimsoma kichwa chini miguu juu. Nikamwomba radhi. Akasema radhi baadaye, kwanza tutafute washa.

Jumanne, 19 Januari

Sikukuu ya Ubatizo, na dhoruba yake. Magimbi na miwa, kama desturi ya siku hii.

Jumatano, 20 Januari

Madam Ivon amekuja na beringi kubwa ya baba yake, imefungwa kwenye karatasi yenye grisi, haijawahi kufunguliwa. Akavaa aproni ya Marsel. Nikamuuliza kwa nini tusichonge washa nyingine. Akasema ile ilipimwa pamoja na gia hii; ukiweka nyingine utakuwa unabahatisha, na siku nane hazitoshi kubahatisha.

Tumetafuta gereji nzima. Nimepata pete ya Marsel iliyopotea mwaka 1991, hivyo sasa nina mashtaka mapya.

Alhamisi, 21 Januari

Hakuna.

Ijumaa, 22 Januari

Hakuna. Irini anajifanya anapenda rangi nyeupe.

Jumamosi, 23 Januari

Madam Ivon aliinama leo kuitoa pinioni kwenye friza, ambayo iko chini kabisa ya friji. Hakuinuka. Nikafikiri ni mgongo. Akabaki ameinama, akaanza kutikisika mabega. Sijawahi kumwona akicheka, kwa hiyo nilikwenda kumletea maji.

"Baba Irini," akasema, "friji yako inasimama vizuri sana."

Ndipo nikakumbuka. Tarehe 17 Novemba, ukurasa wa kwanza wa daftari hili, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nimemsomea kwa sauti. Ilibidi akae chini.

Tumeinua friji, mimi na Marsel, naye Madam Ivon akaivuta washa, akaifuta, akaiweka nyuma ya kichwa cha gia. Ikakaa ndani ya duara lake kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Kisha akapasha mafuta. Hakutumia saa. Aliinua beringi kwa ndoano na kuidondoshea tone la maji kutoka kwenye kidole. La kwanza likakaa tu. La pili likachemka polepole. La tatu likacheza na kutoweka. Hapo akaichukua kwa kitambaa, upande mpana ukielekea gia, akaivalisha kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Tak.

Fadi alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua mama yake. Akatazama aproni, akatazama mikono mitupu. Akauliza, "Mama?" Naye akamjibu bila kugeuka amshikie taa vizuri.

Friji inatikisika tena.

Jumatatu, 25 Januari

Mfungo wa Yona, siku tatu. Maharage. Tumeirudisha difu na kuvalisha beringi ndogo. Mama Fadi amefunga uzi kwenye shina la pinioni, akauvuta kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, akakaza nati kidogo, akavuta tena. Anasema beringi zisilegee wala zisibane, na mkono unadanganya lakini samaki hawadanganyi. Muuza samaki amesimama pale mchana mzima akisubiri mizani yake, mwishowe akaanza kutoa ushauri.

Alhamisi, 28 Januari

Dhoruba ya Ukarimu, na imekuwa karimu kweli. Mvua ya ndoo. Padri amekuja kushuhudia, ameketi nyuma na mwavuli. Mama Fadi ameketi mbele, amefumba macho.

Tukapita kona. Tukapita duka la mkate. Mbwa wamelala. Nikaongeza mwendo, tukavuka reli za tramu, tukarudi. Nilisikia mvua, vifuta kioo, na padri akisali chini chini. Nyumbani Mama Fadi akafumbua macho.

"Jeupe nilishalifuta Jumamosi," akasema.

Jumapili, 31 Januari

Mvua ilikatika saa tisa alasiri, kama imeombwa. Irini aliketi nyuma, gauni limejaa gari zima hadi begani kwangu. Kabla ya kufika kanisani akainama mbele akaniambia, "Baba, halisemi kitu." Nililia, nikaendesha nikilia, na kama kuna askari wa barabarani aliyeniona, basi ameniona.

Mlangoni mwa kanisa Fadi alikuwa anangoja na mama yake. Mama Fadi alivaa hariri ya zambarau, na mikono mitupu. Alimpokea Irini kwa mkono ule wa kovu, mbele ya ukoo wote wa marehemu mumewe. Shangazi mmoja alianza kunong'ona. Fadi akauchukua mkono wa mama yake, akaubusu palepale kwenye kovu, na shangazi akanyamaza.

Jumanne, 2 Februari

Nyumba kimya, isipokuwa friji. Chumba cha Irini tumefunga mlango, kisha tukafungua, kisha tukafunga. Marsel amepika kwa watu watatu.

Mchana ikaja trei kutoka kwa Mama Fadi. Bata, ameiva, ananukia majani yale. Pembeni yake kifurushi kidogo cha foili, tabaka tatu. Ndani yake washa mpya, imechongwa kwa mkono, na karatasi: "Ya friji. Nimepima."

Nimeiweka chini ya mguu. Friji imetulia, na Marsel amelia kidogo, akasema ni vitunguu.

Trei yake iko hapa mezani. Haiwezi kurudi tupu. Marsel ameshafunga bata mmoja kwa foili na kesho naipeleka mwenyewe, lakini safari hii nitafungua kwanza nitazame ndani.